Tundu la Jino Lililong'olewa, na Ufizi Unaobebeshwa



Katika mkutano wetu wa mwisho wa mwaka, tulipokuwa tukizungumza khabari za bei ya makonyo, mzee mmoja wa upande wa Wete alisimama akauliza swali ambalo halikuwamo katika ajenda. Alisema: "Bwana Katibu, sisi twaambiwa kuwa mafuta ya karafuu ni dawa ya meno dunia nzima. Mimi jino langu lilipong'olewa niliyatia mafuta hayo mchana na usiku, na sasa taya limebonyea kama shimo la mkarafuu uliokufa. Dawa gani hiyo?" Watu walicheka, nami nilicheka. Nikaliandika swali lile katika daftari, tukaendelea na makonyo.

Miezi miwili baadaye nilikuwa Geita mbele ya kaka yangu wa tumbo moja, naye aliponyanyua mdomo wake wa juu kwa kidole anionyeshe pengo lake, sikuwa na kicheko tena. Haya nitakayoyaeleza ni jawabu kwa mzee yule. Nataka radhi kwa kulichelewesha, na nataka radhi vile vile kwa jambo jingine ambalo msomaji ataliona mbele.

Kaka yangu aliondoka Pemba mwaka ambao mikarafuu yetu haikuzaa kitu cha kuanikwa. Alianza Kahama kwa kuuza viungo, karafuu na mdalasini na iliki, kama wafanyavyo vijana wetu wengi walioko bara. Kisha akaifuata dhahabu mpaka Nyarugusu katika Geita. Huko alinunua sehemu katika duara moja, maana ndivyo waliitavyo wachimbaji wadogo shimo lao la dhahabu, na asubuhi moja mkono wa winchi ya kuvutia mawe ulimponyoka aliyeushika, ukampiga kaka mdomoni. Jino la juu la pili kutoka katikati, upande wa kulia, lilivunjika. Jino la chonge lililo jirani yake lilipata ufa, lakini siku ile hakuna aliyeuona.

Jino lililovunjika aling'olewa pale pale kambini na mtu ambaye simtaji, kwani sikuwako, na mwenye kuumwa huona kila mkono kuwa mzito. Alivuta, akapinda, akavuta tena, na mzizi ulipotoka ulitoka pamoja na kipande cha mfupa wa mbele. Usiku ule kaka alifungua kichupa cha mafuta ya karafuu, akaloweka pamba, akaipachika ndani ya tundu. Alifanya hivyo siku sita. Ufizi ukageuka mweupe kama ngozi iliyounguzwa kwa maji ya moto, damu iliyoganda ndani ya tundu ikatoka pamoja na pamba, na maumivu yakazidi badala ya kupungua. Basi yeye akazidisha mafuta.

Kichupa kile nalikituma mimi. Nilikifunga kwa mkono wangu, na juu yake nikaandika kwa kalamu ya wino: "Dawa ya meno. Tia panapouma."

Nilipofika pale jeraha lilikuwa limekwisha kufunga zamani. Kilichobaki ni bonde. Mtu akimtazama kaka akicheka aona ufizi umepanda juu na kuingia ndani, na mdomo umelala kidogo upande ule. Alikuwa ametiwa jino la bandia la plastiki, lakini lilionekana refu kuliko wenzake, na baina yake na ufizi mlipita upepo, hata baadhi ya maneno yalimtoka kwa mluzi. Kwa mtu ambaye kazi yake ni kupatana bei na wateja kutwa, si jambo dogo. Alinambia siku hizi apatana kwa simu.

Na lile jino la chonge lilikuwa limeanza kuvimba. Kwa ajili yake ndiyo tukaenda Mwanza. Tulivuka ziwa kwa daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa mwaka 2025, ambalo limewaondolea watu wa Geita mashaka ya kungojea kivuko. Kule tulimwona daktari wa meno, mtu mpole asiyependa haraka, naye ndiye aliyenifunza mengi ya haya niandikayo. Mengine nimeyasoma mwenyewe baadaye.

Jambo la kwanza alilonambia ni kuwa taya la mzee wetu wa Wete lingebonyea hata kama asingetia tone la mafuta. Mfupa unaolizunguka jino si kama mfupa wa paja. Umekuja kwa ajili ya jino, nao hukaa kwa ajili ya jino. Baina ya mzizi na mfupa mna nyuzi nyembamba zilishikazo jino, na katika nyuzi hizo hupita mishipa ya damu inayoulisha ukuta wa ndani wa tundu. Jino likitoka, nyuzi hukatika, na ukuta ule hukosa kazi na hukosa chakula kwa siku moja. Ukuta wa mbele, unaoelekea mdomo, ndio dhaifu kuliko wote, maana kwenye meno ya mbele ya juu aghalabu unene wake haufiki milimita 1. Huo ndio unaoyeyuka kwanza. Wataalamu wawili, Araújo na Lindhe, walilionyesha jambo hili waziwazi mwaka 2005 kwa kuchunguza taya za mbwa wiki baada ya wiki.

Sisi wakulima hatuna haja ya kuelezwa sana. Ukiung'oa mkarafuu mzee juu ya mteremko ukaliacha shimo wazi, mvua ya masika hailijazi shimo lile udongo mzuri. Hubomoa kingo zake kwanza, na ukingo wa upande wa bondeni ndio uendao mbele.

Kiasi gani hupotea? Denmaki walipima watu 46 waliong'olewa magego, na khabari zao zikachapishwa mwaka 2003. Baada ya miezi 12 upana wa ukingo wa taya ulikuwa umepungua karibu nusu, na thuluthi mbili za upungufu huo zilitokea katika miezi 3 ya mwanzo. Wengine waliokusanya vipimo vya wataalamu mbali mbali walipata kuwa kwa miezi 6 upana hupungua kiasi cha milimita 3.8 na kimo milimita 1.2 hivi. Kwa macho ya mtu asiye daktari milimita ni kitu cha kupuuzwa. Lakini mfupa wenyewe ni milimita chache tu, na jino la bandia, la daraja au la kukomelewa kwa msumari wa titani, lataka mahali pa kukaa na lataka ufizi wa kulizunguka.

Nikamwuliza: "Na mafuta yetu, daktari?"

Akatabasamu, akafungua kabati, akanipa kichupa ninuse. Ndugu zangu, ilikuwa harufu ya nyumbani! Alikuwa nacho, na akitumia. Sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu, aghalabu baina ya 70 na 90 katika 100, ni kitu kiitwacho eujenoli, na jina hilo lenyewe limetoka katika jina la zamani ambalo wanavyuoni wa mimea waliupa mkarafuu, Eugenia. Eujenoli huilaza mishipa ya maumivu na huua vijidudu. Waganga wa meno huichanganya na unga wa zinki oksaidi ikawa kama udongo laini, wakaziba nayo jino lililotoboka kwa muda, na mchanganyiko huo umekuwa mikononi mwao tangu karne ya 19. Tena yako maradhi ya tundu kavu. Siku ya pili au ya tatu au ya nne baada ya kung'oa, hasa magego ya chini, damu iliyoganda hutoka mapema, mfupa ukabaki wazi, ukauma mpaka sikioni na kutoa harufu mbaya. Hapo daktari husafisha tundu na kuweka dawa yenye eujenoli, na mgonjwa hupata usingizi usiku ule. Kwa hiyo sifa tuliyopewa si ya uwongo.

Walakini dawa ile hutuliza maumivu, haijengi mfupa. Na mafuta mabichi, yasiyochanganywa na kitu, yakikaa juu ya nyama mbichi huiunguza. Seli changa za kuponya jeraha zikikutana nayo hufa. Katika tundu jipya, damu iliyoganda ndiyo mbegu ya kila kitu. Ndani yake huota nyama changa, na ndani ya nyama changa huota mfupa. Pamba yenye mafuta huing'oa mbegu na kuchoma udongo kwa wakati mmoja. Daktari hakusema kuwa mafuta peke yake ndiyo yaliyomfanyia kaka bonde lile. Alisema kuwa koleo lililovunja ukuta wa mbele lilifanya nusu ya kwanza, na kichupa kikafanya nusu ya pili. Mimi nilitazama sakafu.

Sasa nije kwenye ufizi wa kubebeshwa, ambao ndio khabari mpya kwa wengi wetu.

Hapana mwanachama asiyejua kubebesha mchungwa juu ya mlimau. Twachukua kichipukizi cha mti mmoja, twakifungia penye jeraha la mti mwingine, na sharti kuu ni kuwa maganda yakutane yangali mabichi, la sivyo kichipukizi hukauka. Kazi ya ufizi haina tofauti kubwa. Mwaka 1963 mtaalamu wa Sweden, Björn, alieleza jinsi ya kuchukua kipande cha ufizi mahali pamoja kinywani na kukihamishia pengine kikashika. Mwaka 1980 Langer na Calagna wakaonyesha njia ya kuchukua nyama ya ndani ya kaakaa, chini ya ngozi yake, kwa kujazia mabonde kama la kaka yangu. Na mwaka 1994 Landsberg na Bichacho wakaeleza kuziba tundu la jino siku ile ile ya kung'oa, kwa kifuniko cha ufizi kilichokatwa kwa kipimo cha mdomo wa tundu, kama kizibo cha chupa.

Hivi ndivyo nilivyoona. Nasema "nilivyoona" kwa kuwa daktari aliniruhusu kukaa pembeni, na jino la chonge la kaka halikuwa na la kuokolewa tena. Kwanza alipewa dawa za kuondoa uvimbe, tukangoja siku kadhaa, maana penye usaha mwingi hapapandwi kitu. Siku yenyewe ilipofika, baada ya sindano za ganzi, daktari hakuvuta. Alitia chombo chembamba kama kisu cha kalamu baina ya mzizi na mfupa, akazikata nyuzi pole pole pande zote, na mzizi ulipokataa akaupasua vipande viwili akavitoa kimoja kimoja. Ilichukua muda mrefu, na mimi niliyezoea kuambiwa kuwa daktari hodari ni yule ang'oaye kwa mvuto mmoja, nilitubu pale pale. Ukuta wa mbele ulibaki mzima. Kisha akakwangua ndani ya tundu, akaiosha, akaijaza chembe nyeupe za mfupa hadi usawa wa ukingo.

Chembe hizo ni za nini? Hapa nilimkatiza, kwa sababu najua wasomaji wangu wataniuliza mimi. Chembe nyingi za kujazia hutengenezwa kwa mfupa wa ng'ombe uliochomwa na kusafishwa mpaka yakabaki madini matupu. Nyingine ni za mwanadamu, nyingine hutengenezwa kiwandani. Na zile ngozi nyembamba ambazo madaktari wengine huzitumia kufunika, mashuhuri miongoni mwao ni za nguruwe. Daktari hakuudhika kuulizwa. Alileta kijikasha, akanionyesha maandishi: ng'ombe. Mwanachama atakayefikia huko na aulize kabla ya kulala kitini, si baada. Na hii ndiyo fadhila moja ya kifuniko cha ufizi, kuwa ni nyama ya mgonjwa mwenyewe na haina swali.

Kifuniko kilitoka kwenye kaakaa, pembeni karibu na magego ya mbele, si mbali nyuma ambako hupita mshipa mkubwa wa damu. Alikikata duara, unene kiasi cha milimita 2 au 3, kadiri ya ncha ya kidole kidogo cha mtoto. Kabla ya kukiweka alifanya jambo ambalo nisingelitambua kama nisingekuwa mkulima. Alikwangua ngozi ya juu ya mdomo wa tundu pande zote mpaka ukatoa damu. Ni yale yale ya maganda mabichi! Kipande kile hakina mshipa hata mmoja. Siku za mwanzo huishi kwa majimaji yanayonyweleka kutoka kwenye kingo na kutoka chini yake, kisha mishipa midogo ya jirani huanza kuingia ndani yake, na katika muda wa wiki moja hivi damu yatembea. Juu ya tundu katikati hapana nyama ya kukilisha, kwa hiyo kila kitu chategemea kingo. Zikiwa zimekwanguliwa vizuri, na kifuniko kimeshonwa kikakaa kimya, huishi. Kikitikisika hufa. Akakishona kwa nyuzi sita nyembamba kuliko unywele, na pale kwenye kaakaa akaweka kitambaa cha kuzuia damu na kushona juu yake.

Siku ya nne kaka alinipigia mayowe. Kifuniko kilikuwa cheupe na mahali pengine cha kijivu, naye aliona kimekufa. Daktari akatazama, akasema ngoja. Ngozi ya juu kabisa huvuka, lakini chini yake mna uhai. Wiki ya pili ikawa waridi. Kule Zürich waliwafuata wagonjwa 20 waliofanyiwa hivi, na khabari yao ya mwaka 2004 yasema kuwa baada ya wiki 6 vifuniko vilikuwa vimeshika karibu vyote kabisa, na rangi yake ilikaribiana sana na ya jirani. Cha kaka kimeshika. Kaakaa ndilo lililomtesa. Kwa siku kumi alikula uji wa baridi na maziwa, akalaani chapati za watu wengine.

Sitaki msomaji adhani nauza kitu. Kifuniko cha ufizi hakizuii mfupa kupungua. Kazi hiyo, kwa kiasi, hufanywa na zile chembe, nazo hupunguza upungufu tu, haziuondoi. Kifuniko hulinda chembe zisimwagike na huongeza ufizi mahali ambapo ungekosekana. Wako wataalamu wasemao kuwa kwenye matundu mengi yatosha chembe na kitambaa cha dawa, au yatosha damu peke yake ikiachwa itulie. Kwa gego la nyuma lisiloonekana, na mtu asiyekusudia kutia jino jingine, mimi sioni sababu ya kukata kaakaa. Mvutaji sigara asijisumbue mpaka aache, maana moshi hubana mishipa ile midogo na kifuniko hufa njaa. Mwenye sukari isiyotulia kadhalika. Na gharama yake si ya mtu wa pishi mbili tatu. Kaka aliuza sehemu yake ya duara, na mimi katika hili sikumpa shauri lolote, kwa sababu mwenye kichupa hana ulimi.

Sasa Geita na Shinyanga. Msomaji asidhani kuwa mchimbaji wa Nyarugusu au mchunga ng'ombe wa Kishapu akiumwa jino huenda kushonewa ufizi. Mafunzo ya madaktari wa meno yalianza Muhimbili mwaka 1979, na mpaka leo madaktari wengi wako mijini. Kwa muda mrefu mwenye jino bovu kijijini amekuwa na njia mbili, kung'oa au kuvumilia. Katika miaka ya 1980 Tanzania ndiko kulikoanzishwa njia ya kukwangua jino lililotoboka kwa vyombo vya mkono tu, bila mashine wala umeme, na kuliziba, njia iliyoenea kisha duniani kote. Na tangu miaka ya 2000 shirika la Bridge2Aid la Uingereza, lililojikita Mwanza, limewafundisha matabibu wa vijijini huko kaskazini magharibi jinsi ya kung'oa jino kwa usalama. Nalitaja kwa sababu mimi naona hapo ndipo tundu la jino huokolewa au hupotea kwa watu elfu, kabla ya habari za kubebesha. Mtu aliyefunzwa kukata nyuzi kwanza na kuvuta baadaye amekwisha kuhifadhi mfupa mwingi kwa chombo kimoja cha chuma.

Shemeji yangu, mke wa kaka, ni Msukuma wa Kishapu, na meno yake ya mbele yana mabaka ya rangi ya kahawia. Kwao wengi wako hivyo. Visima vingi vya Shinyanga vina maji yenye floridi nyingi kupita kiasi, na mtoto anywaye maji hayo wakati meno yake yakiumbwa ndani ya taya huyatoa na mabaka. Maji ya Ziwa Victoria yalifikishwa Kahama na mji wa Shinyanga kwa bomba kubwa mwaka 2009, lakini aliyezaliwa kabla au mbali na bomba ameshachukua lake. Shemeji alikuja na neno lake kwa daktari: ang'olewe yale ya mbele mawili, kisha atiwe meupe kwa ufizi wa kupandikiza kama mumewe. Daktari alishtuka kweli kweli. Jino lenye baka si jino bovu, akasema, na hakuna kifuniko duniani kilicho bora kuliko mzizi wa mtu mwenyewe. Baka laweza kusuguliwa au kufunikwa kwa juu. Shemeji alirudi nyumbani na meno yake yote, na kidogo hakuridhika.

Na machimboni liko la zebaki. Wachimbaji wadogo huitumia kukamatia dhahabu, kisha huichoma, na moshi wake huingia mwilini. Rwamgasa, katika Geita hiyo hiyo, palichaguliwa katika mpango wa Umoja wa Mataifa wa kuchunguza zebaki machimboni, uliofanya kazi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Sumu hiyo ikimzoea mtu huvimbisha fizi, hujaza mate mdomoni, hata meno yakalegea. Fizi za namna hiyo hazibebeshwi kitu. Kaka alikuwa hachomi mwenyewe, na daktari alimwuliza mara tatu kabla ya kuamini.

Narudi kwa mzee wetu wa Wete. Mzee, kwa taya lako la miaka mingi nyama ya kaakaa yaweza kujazia bonde kidogo, lakini mfupa hauotwi na ufizi, na kama jino lako la bandia lakaa vizuri mimi ningeliacha. Kwa wengine ambao watang'olewa kesho, haya ndiyo niliyoyapata: mwulizeni anayeng'oa kama atakata nyuzi kwanza, na kama ni jino la mbele mwulizeni kabla, si wiki ya pili, kama lipo la kufanya kuhifadhi tundu, maana wakati wa kufanya ni siku ile ile. Umeni chachi nusu saa au zaidi. Siku ya kwanza msisukutue, msiteme kwa nguvu, msifyonze, msivute sigara. Siku ya pili ndipo maji ya chumvi ya uvuguvugu, pole pole, kwa kumwaga si kwa kupuliza. Msitie kitu ndani ya tundu, wala cha dukani wala chetu. Maumivu yakizidi kuanzia siku ya tatu, rudini kwa aliyeng'oa. Akiona lafaa atatia yeye dawa yenye mafuta yetu, kwa kipimo chake.

Katika kamati nimeleta hoja kuwa kila kichupa ambacho mwanachama hukipeleka bara, kiwe cha kuuza au cha hidaya, kifungwe karatasi ndogo yenye maneno haya: "Si ya kutiwa katika tundu la jino lililong'olewa." Wajumbe wawili wamepinga. Wamesema karatasi itawatia wateja hofu, na kuwa watu wa Kahama na Geita watanunua mafuta ya nchi nyingine yasiyo na karatasi. Mmoja kasema hata peremende ina madhara ikikwama kooni, nayo haibandikwi kitu. Nimewasikiliza, na kwa hesabu ya biashara huenda wakawa na haki. Nimeirudisha hoja kwenu wote. Itakuwa namba 4 katika ajenda ya mkutano ujao, baada ya khabari za majamvi na kabla ya malipo ya wachumaji, na vichupa vitatu vyenye karatasi vitakuwa mezani kwa wanaotaka kuvitazama.

Kaka angali Nyarugusu. Pengo la pili limejaa vizuri na lasubiri jino lake. La kwanza lapiga mluzi kama zamani. Juzi alituma salamu na kuagiza karafuu nusu pishi. Nilimwuliza kama ataka na mafuta. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Za pilau tu, ndugu yangu."

Katibu